Tulimwambia Apite

Nianze na njia, kwa sababu wengi wa wale walioandika maneno yao kwenye simu hawajawahi hata kuikanyaga. Sisi wanawake wa upande wetu wa mji wa Baraka tunaogea ziwani, nyuma ya matete, mbali kidogo na pale mitumbwi inapoegeshwa. Njia ya kufika huko ni moja, nyembamba, na kabla ya kona ya mwisho mtu anasimama na kuita: "Njia?" Akiwa mwanaume, tunamjibu, "Kuko bamama!" naye anageuka, hata kama ni mume wa mmoja wetu, hata kama ni mchungaji na Biblia yake kwapani. Akiwa mwanamke, tunamjibu, "Pita." Mimi nimezaliwa nimeikuta hivyo. Mama yangu Anastasie, Mungu amrehemu, naye aliikuta hivyo.

Kuna sheria nyingine ambayo hakuna aliyetufundisha kwa mdomo. Mambo ya majini yanabaki majini. Pale unajua nani ana kovu la moto, nani amevimba matiti, nani amepigwa na mumewe jana na leo sokoni atasema aliteleza. Unamsugua mgongo, unampa sabuni, mnapanda pamoja, na mkifika juu hujui kitu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wanawake wa Baraka tunasengenya, sikatai, na mimi mwenyewe mdomo wangu hauna breki. Lakini ya majini, hapana.

Ndiyo maana niliweza kuitwa Mama Vanessa kwa miaka tisa.

Gentille ni mdogo wangu, tumbo moja. Alipokuwa msichana wa shule alikuwa anasoma Fizi, kule mlimani. Siku moja ya likizo alikuwa anashuka na wenzake kuja nyumbani, na watu wa msituni wakawasimamisha njiani. Alipotufikia, ilikuwa imepita miezi, na alikuwa na mimba. Zaidi ya hapo sisemi. Ni habari yake, na yeye ndiye mwenye haki ya kuitoa au kuizika.

Mama ndiye aliyepanga yote. Mimi nilikuwa nimeolewa na Norbert, mvuvi wa ndagala, na tumbo langu lilikuwa halijashika kitu. Mama akanituma Uvira pamoja na Gentille, tukae huko mpaka azae. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, waganga wa hospitali wakampasua. Tuliporudi Baraka mtoto alikuwa mgongoni kwangu, na mama akawaambia majirani, "Marthe amezaa." Norbert akampokea yule mtoto kwa mikono miwili. Mpaka leo sijasikia neno la ubaya kutoka kinywani mwake.

Sasa fikiria siku ya kwanza tuliposhuka ziwani. Gentille alijaribu kutupa mgongo, lakini utaoga ukitupa mgongo mpaka lini? Kovu lilikuwa bado jekundu, limeshuka kutoka kitovuni. Na kando yake nimesimama mimi, eti mzazi, tumbo limenyooka kama la msichana. Kipofu tu ndiye asingeelewa. Kulikuwa na Zainabu, jirani yetu wa Kiislamu, mama mnene mwenye sauti ya kuuza ndagala, ambaye ukimsikia anaongea utadhani anagombana. Zainabu akaangalia tumbo la Gentille, akaangalia langu. Akachota maji, akanimwagia kichwani polepole, akasema, "Mama Vanessa, pole na uzazi."

Wengine wakafuata: pole, Mama Vanessa, pole. Nililia ndani ya yale maji, na kwa kuwa uso wangu ulikuwa umelowa hakuna aliyelazimika kuniona. Tangu siku ile hilo ndilo likawa jina langu, nyumbani, sokoni, kanisani. Zainabu nilimpenda kwa neno lile kuliko ndugu zangu wengi.

Kitu tulichoomba kilikuwa kimoja. Mtoto akue, na siku moja aambiwe na Gentille mwenyewe, kwa kinywa chake, atakapoweza kusema bila kutetemeka. "Yaya," aliniambia, maana mimi ni dada yake mkubwa, "nitamuambia mi mwenyewe. Acha kwanza akomae." Vanessa alikuwa ananiita mama, na Gentille akimwita mama mudogo. Alikuwa mtoto wa maswali mengi na magoti machafu, na alikuwa na furaha.

Sasa nije kwa Aline. Aline si adui yetu, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ningependa awe adui. Ni binti wa jirani, anauza vikwembe, yaani vitenge, kwa njia ya simu. Anajifunga kikwembe kipya, anajichukua video, anaweka kwenye statu yake ya WhatsApp, na wateja wanamwandikia kutoka Fizi mpaka Misisi. Siku ile ya Jumamosi jua lilikuwa zuri, na alitaka maji yaonekane nyuma yake. Akafika kwenye kona, akaita, "Njia?" Tukaitikia sote, "Pita!" Ni mwanamke, kwa nini asipite?

Alisimama penye matete, kikwembe cha njano kikimkaa vizuri, akajizungusha. Sisi tulikuwa tunamcheka. "Zunguka tena, tuone na nyuma!" Hakuna aliyeangalia ile simu imeelekea wapi. Gentille alikuwa anatoka majini akikamua nywele, na akaingia kwenye ile video juu ya bega la Aline, mchana kweupe, bila nguo, kuanzia usoni mpaka magotini. Aline aliiweka kwenye statu hivyo hivyo. Anaapa kwamba alikuwa anaangalia kitambaa tu, na ninamwamini, maana mchuuzi huangalia bidhaa yake.

Tulimwambia mtu mmoja apite. Hatukujua kwamba ndani ya kile kiganja chake wanapita wachimba dhahabu wa Misisi, vijana wa pikipiki, binamu zetu walioko kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, na wengine wa Ulaya ambao hata harufu ya ziwa lenyewe wameshaisahau. Hakuna hata mmoja wao aliyeita njia.

Jioni ile ile mtu alikuwa ameshamkata Aline kwenye video. Akabaki Gentille peke yake, amekuzwa, amepunguzwa mwendo. Ikaingizwa kwenye kundi la Baraka Inasema, ambalo nusu ya mji wamo, na chini yake imeandikwa: "Mushonaji wetu wa soko. Ile tumbo inasema nini?" Na vile viuso vya kucheka, mstari mzima. Mwingine akajibu: "Ile ni sezarieni, alipasuliwa akizaa. Mi niko muganga, najua." Mwingine: "Sasa mutoto iko wapi?" Mwingine: "Alitupa." Mwingine: "Aliua." Wala hawakuwa wanamchukia. Walikuwa wanacheza. Wengine ni watu walionunua samaki kwangu asubuhi ya siku hiyo na kuniuliza habari za nyumbani.

Gentille ni fundi cherehani, ana kibanda pembeni ya soko. Jumatatu alikwenda kazini kichwa juu, kwa maana alisema akijificha watasema ni kweli. Ni kweli gani, mimi sijui, kwani kuzaa ni kosa? Vijana walikaa kwenye benchi upande wa pili, simu mkononi, wanaangalia simu, wanamwangalia yeye, kama watu wanaolinganisha mzigo na picha yake. Mwanamke mmoja alileta kitambaa, akakaa, akamwangalia tumbo mpaka akatosheka, akaondoka na kitambaa chake. Wanaume asiowajua walimpigia simu. Wengine walimtumia picha zao wenyewe ambazo sitazieleza, maana mimi nimelelewa. Akaizima simu. Wakatafuta namba yangu.

"Yaya," aliniambia akiwa ameshika mkasi bila kukata kitu, "sasa bako banatafuta mutoto. Batamufikia."

"Tumwambie basi, kabla hawajafika."

Alijaribu, mimi ni shahidi. Alimwita Vanessa, akamkalisha mapajani, akamtengeneza nywele zilizokwisha tengenezwa. Akazifumua, akazisuka upya. Mtoto akamwuliza, "Mama mudogo, unaumwa?" akamwambia ndiyo, na kweli alikuwa anaumwa.

Basi nikaamua kuipata ile video na kuiua. Utaniona mjinga. Nilianza kwa Aline. Nilikwenda nimejaa hasira, nimepanga matusi yote kuanzia la ukoo wake. Akapiga magoti kabla sijafungua mdomo. "Mama Vanessa, nimeisha ifuta! Ona, haiko tena!" Akanionyesha simu, na kweli haikuwamo. Ilikuwa haimo kwenye simu yake tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na msichana wa watu alikuwa mbele yangu anayazoa kwa vidole. Matusi yangu nikarudi nayo nyumbani.

Kisha nikaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, ambako tunaambiwa mwananchi hupeleka malalamiko. Yule bwana alinisikiliza akiwa ameegemea kiti.

"Sasa mama, mi nitajuaje kosa, kama sijaona?"

Nikamwonyesha. Aliiangalia mpaka mwisho. Akairudisha mwanzo, akaiangalia tena. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, "Kuya uone kitu." Wakaiangalia wawili. Halafu akanirudishia simu, akaniuliza huyo dada anakaa wapi, na kama ameolewa. Niliondoka bila kuaga. Mlangoni nilisikia mwenzake anamwambia, "Nitumie na mimi," naye anamjibu kwamba tayari anayo.

Zainabu ndiye aliyenikuta njiani nikiwa natembea naongea peke yangu. Akanishika mkono. "Ile grupu ya Baraka Inasema, unajua ni ya nani?" Sikujua. Akatema mate chini. "Ni ya Iddy."

Iddy ni mwanawe. Nilimwona akizaliwa, nilimbeba. Sasa ni kijana mkubwa, anatengeneza simu chini ya mwavuli karibu na pale pikipiki zinapogeuzia, na watu wanamwita mwandishi wa habari kwa sababu anashika simu mbele ya kila ajali. Zainabu hakuwa na haja ya kuita mashahidi. Alinivuta mkono tukaenda hivyo hivyo, kanga imefungwa kiunoni, na kila aliyetuona alijua kwamba leo mtu atalia.

Tulimkuta Iddy amekaa, simu ameisimamisha kwenye kopo mezani, anaongea nayo kwa furaha. Alipotuona alitabasamu. Akaichukua ile simu akaigeuza kwetu.

"Ona, mama wangu amefika! Na Mama Vanessa! Mama, niko live, ongea na batu, bako banakusikia."

Zainabu hajui kusoma, na simu yake ni ile ya vitufe, ya kupigia tu. Live kwake ni neno la Kizungu kama mengine. Aliposikia "batu bako banakusikia" aliangalia benchi, na kweli pale palikuwa na watu watatu wanne wa kawaida, wa mtaani, wanaongoja simu zao. Mimi nilijua. Nilimvuta kanga. Niseme nini, nimzibe mdomo? Zainabu akiwa na hasira hata pikipiki zinapunguza mwendo.

"Iddy! Ile takataka ufute sasa hivi! Huyu Gentille alikufanya nini? Alikushonea nguo ya Idi ungali mudogo! Na mutoto anakosea nini? Vanessa anakosea nini, wee? Mutoto alizaliwa tu! Hakuchagua pori, hakuchagua baba!"

Zainabu alikuwa anahema, ametoa yote yaliyokuwa moyoni, uso umelowa jasho. Iddy alikuwa anaangalia kioo cha simu. Viuso vilikuwa vinapanda, vinapanda, na maandishi yanakimbizana: Vanessa nani? Vanessa wa Marthe? Kumbe! Kumbe! Niliona rangi inamtoka Iddy. Alikuwa amecheza na tumbo la mtu asiyemjali, na ghafla lilikuwa na mtoto anayemfahamu, mtoto anayetumwa kwake kununua vocha. Akabonyeza kufunga. Haikufunga, akabonyeza mara ya pili.

"Batu gani banasikia?" Zainabu akauliza, taratibu sasa. "Iddy. Batu gani?"

Mmoja wa benchi ndiye aliyemweleza, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgonjwa: "Mama, ni batu bote."

Mwanamke yule alikuwa amefunga mdomo miaka tisa. Aliwazidi waliosoma, aliwazidi waliookoka. Na alipoufungua, aliufungua kwa kututetea. Aliichukua ile simu mkononi mwa mwanawe akaipiga juu ya jiwe, tena na tena, mpaka vioo vikamkata vidole. Iddy hakumzuia. Na kwenye benchi, yule kijana wa mwisho alikuwa ameshainua simu yake anatuchukua video.

Kesho yake Vanessa alirudi kutoka shuleni kabla ya mapumziko. Alikuja peke yake, begi mgongoni, soksi moja imeshuka. Walikuwa wamemwimbia: mutoto wa pori, mutoto wa pori. Mwalimu alikuwa amewafukuza, lakini naye, aliniambia Vanessa, alikuwa anamwangalia sana. Mtoto hakulia. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Gentille, akasimama mbele yake, akaangalia pale tumboni, juu ya gauni, kwa muda mrefu.

"Ni hapo?" akauliza.

Gentille akafunika tumbo kwa mikono miwili. Sijui kwa nini alifanya hivyo, naye mwenyewe hajui. Mtoto aliona ni kama mlango umefungwa. Akageuka, akaingia ndani, akavua viatu, akalala mchana na nguo za shule.

Mimi nimepata chuki ambayo sikuwa nayo. Naichukia ile simu, namchukia Iddy, na kuna saa nawachukia hata watu wema wanaonipa pole, kwa sababu najua wameangalia. Sokoni wananiita, "Mama…" halafu wanasita. Wengine wanamalizia, "Mama Marthe," kana kwamba nimejizaa mwenyewe. Zainabu anaacha ndagala mlangoni kwetu, zimefunikwa na sahani, anaondoka bila kupiga hodi. Nimemfuata mara nyingi kumwambia sina neno naye. Ananishika mkono, analia, haongei. Sauti ile yote imeisha.

Kule ziwani tunaoga na nguo sasa. Mtu akiita "Njia?" hatujibu pita. Tunauliza, "Uko na telefone?"

Gentille hashuki tena. Norbert amemzungushia bashi nyuma ya nyumba, turubai la bluu kwenye miti minne, na mimi nampelekea maji. Anaogea humo, haraka. Kibanda cha cherehani amekifunga. Video bado inatembea. Juzi imerudi kutoka Misisi, imewekewa muziki.

Jana nilikuwa nachota maji kwenye pipa, nikamwona Vanessa anakwenda nyuma ya nyumba. Siku kadhaa alikuwa haniiti kitu. Akinitaka alikuwa anakuja tu, anasimama mbele yangu, anangoja nimwone. Alifika kwenye bashi, akasimama hatua moja nyuma kama tulivyomfundisha, mikono mgongoni.

"Njia?"

Ndani maji yakaacha kumwagika. Nilisimama na ndoo yangu. Nikasema ndani yangu, mwambie, Gentille, mwambie apite, aone pale alipotokea, imalizike. Turubai lilitikisika kidogo.

"Bado," Gentille akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayelia.

Mtoto hakusukuma turubai. Alikaa chini, akaegemea mti wa bashi, akakunja magoti. Aliponiona nimesimama pale akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa ya chakula:

"Mama mukubwa, ataniambia pita siku gani?"

Nilitua ndoo chini. Jina lilikuwa sahihi. Mtoto wa mdogo wangu, mimi ni mama yake mkubwa, na hakuna mahali ningeweza kwenda kulikataa. Nikamwambia sijui, nikakaa naye pale chini, tukangoja.